Saumu Yangu ya Stockholm

Kila nikitwanga iliki jikoni kwangu hapa Ibra, ungedhani nitakumbuka mandazi ya kwetu. Mimi hukumbuka baridi. Chini ya fleti ya shangazi yangu, kule Stockholm, palikuwa na duka la mikate ya iliki, na harufu yake ilipanda ngazi mpaka kitandani nilikolala na koti na soksi mbilimbili.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi, mama yake baba, alikwenda kumtazama shangazi aliyejifungua, akanichukua mimi, nadhani kwa kunihurumia. Ramadhani ya mwaka ule, miezi michache kabla ya safari, iliangukia kwenye joto kali, na kaka yangu Yusuf alinifuma nikijifanya nasukutua kwa udhu kumbe maji nayameza. Nyumba nzima ikaniita Kobe, jina la mla mchana. Yusuf akanishauri nihamie Ras al Hadd, ufukweni wanakotaga kasa, nikaishi na wenzangu. Nilicheka nao, lakini niliumia sana. Sikuwa nimewahi kumaliza funga hata ya siku moja.

Stockholm jua lilichelewa kuamka, na kabla ya saa tisa mchana limeshazama. Theluji ilifika magotini. Bibi alivaa koti nene la mkwewe, juu yake buibui, akawa kama kabati linalotembea.

Jioni moja akaniambia, "Kesho nafunga, mwanangu. Nina siku zangu za kulipa, na peke yangu sitaki. Utanisaidia?"

"Nikishindwa, Bibi?"

"Ukishindwa utakula. Nani anakujua huku?"

Tukala daku, tukanuia. Mchana akanitembeza kwenye theluji nisahau tumbo, na kila tukirudi ile harufu ya iliki inatungoja mlangoni. Kuna wakati nililia. Bibi hakunibembeleza. Aliutia mkono wangu ndani ya mfuko wa koti lake, akaushika mpaka nikanyamaza.

Magharibi ilipoingia alinipa tende aliyotoka nayo Ibra, akanitazama nikiitafuna kabla hajagusa yake. Kisha akampigia Yusuf simu kumpa habari.

"Bibi, hiyo si funga," Yusuf akasema. "Huko siku yenyewe nusu."

"Kafunga alfajiri mpaka magharibi. Mungu hakumwekea siku nyingine leo. Na hilo jina, khalas, nisilisikie tena."

Halikusikika tena, na Ramadhani iliyofuata nilifunga kumi na moja.

Mwaka jana nilikuwa nalipa siku zangu mwenyewe, zile zinazotuponyoka sisi wanawake kila Ramadhani, nikamfikiria Bibi huku natwanga iliki, mchi ukanisimama mkononi. Kule Stockholm alikuwa na miaka sabini. Mambo hayo ya kike yalikwisha kwake zamani. Na ile Ramadhani ya joto hakuugua wala hakusafiri, alifunga yote mbele ya macho yangu. Hakuwa na hata siku moja ya kulipa.

Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikijisifu kwamba nilimsaidia.