Usiachilie Kitanda

Mimi si mtu wa mambo ya mizimu. Kanisani kwetu Ruiri hatuyapi nafasi, na shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo naogopa kuandika kitu nisichoweza kutetea. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, bila kuonja chochote. Nimelisoma tena kwenye daftari yangu nikitafuta mahali nilipodanganya. Sijapaona.

Mke wangu, Mama Mwenda, alijifungua salama zahanati ya nyumbani, halafu damu ikakataa kukoma. Mtoto akabaki na nyanya yake, sisi tukakimbizwa na gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa, jina nitaliacha. Nilikuwa nimetoka soko la mbuzi, na gumbuti zangu za mpira miguuni, kamba mfukoni, nikinuka vile unajua.

Nitasema haki: mapokezi walituhudumia vizuri. Daktari alimwangalia haraka, akamwekea maji mkononi, akaamuru apelekwe wodi ya wazazi mara moja aongezwe damu. Kijana wa kusukuma vitanda akatufikisha, mimi nikiwa nimeshika chuma cha ubavuni mwa kitanda. Mlango wa wodi ulikuwa umefungwa. Ilikuwa ile saa ya jioni wauguzi wa mchana wanawaachia wa usiku kazi, na wote walikuwa ofisini wakielezana habari za wagonjwa. Simu ililia huko ndani, hakuna wa kuishika. Nafikiri ni mapokezi walikuwa wakipiga kusema tunakuja.

"Tumefika, mzee. Watatoka wamchukue," kijana akasema. Alikuwa anaitwa kwingine.

"Umewaambia?"

"Wanajua. Wewe nenda dirishani umwandikishe. Na uachilie hicho chuma, hapa si sokoni. Nani atakuibia bibi?"

Nilicheka, kweli alinichekesha. Kijana akaondoka mbio, nami nikaachilia kitanda, nikaanza kwenda dirishani.

"Baba Mwenda, usiachilie."

Kwenye benchi ya ukutani alikuwa amekaa mama mmoja. Tulipofika benchi ilikuwa tupu. Ama sikuangalia, inawezekana. Alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani, sweta juu ya gauni la hospitali, na kiatu mguu mmoja tu. Lafudhi yake ilikuwa ya Embu, pande za Kanja nadhani.

"Mama, unanijua?"

"Ukiuza mbuzi, kamba unaachilia lini?"

"Mnunuzi akishika."

"Na hapa ni nani ameshika?"

Nilirudi nikashika chuma cha kitanda. Mke wangu alikuwa amefumba macho, na chini ya kitanda damu ilikuwa inadondoka sakafuni.

"Walionileta mimi walisema nimefika," yule mama akaendelea. "Wa ndani wakasema sijaletwa. Bado nangoja kupokelewa."

Alisema bila hasira, kama mtu anayengoja mvua iishe. Kisha akainuka, akaweka mkono wake juu ya wangu pale kwenye chuma. Niamini, ulikuwa baridi kama maji ya mto yanayotoka mlimani alfajiri.

Nikapiga mlango teke kwa gumbuti. Sista akatoka amekasirika.

"Mzee! Tunapeana ripoti, huwezi kungoja?"

"Siwezi, sista. Shika hapa useme umempokea, ndipo niachilie."

"Kwani hii ni ng'ombe unaniu..." Akaona sakafu. Akashika chuma upande wake, akaita wenzake kwa nguvu. "Nimempokea, baba. Achilia."

Nikaachilia. Walipokuwa wakimwingiza, sista akageuka. "Na yule mama wa benchi, ni wako pia?"

Tukaangalia wote wawili. Hapakuwa na mtu.

"Alikuwa na kitambaa cha kijani," nikasema. Sista akaitazama benchi tena, kisha akaingia ndani.

Labda alikuwa mgonjwa aliyejiendea zake. Hilo nimelifikiria sana. Lakini korido ni ndefu, haina mlango mwingine, na mtu wa kiatu kimoja angefika wapi kwa muda huo?

Mke wangu alipona. Tuliporudi kliniki, sista alinivuta kando akaniambia kuna mama wa Embu aliyefia kwenye benchi hiyo, saa za kubadilishana kama zile, kila upande ukidhani yuko na wenzao. Hakuna wa kulaumiwa peke yake, alisema, walikuwa wachache na wamechoka. Namwamini. Siku hizi hakuna muuguzi wa wodi ile anayeenda nyumbani kabla hajatoka kuangalia benchi.

Mkono wangu wa kulia haujapata joto mpaka leo, hata nikiuweka karibu na jiko. Na sokoni wananicheka kwa sababu siachilii kamba mpaka mnunuzi aseme kwa mdomo kwamba ameshika.

Wewe unayesoma, ukipeleka mtu wako, usikubali kuambiwa "wanajua". Shika kitanda mpaka mtu mwingine ashike. Na ukimkuta mama wa kitambaa cha kijani kwenye benchi, usimpite hivyo tu. Muulize kama amepokelewa. Mimi sikumuuliza, wala sikumwitia mtu.