Do ya Baba

Muuza duka wa Maili Moja alipenda taa. Kila kinanda alichonishushia kilikuwa na taa: hiki zinawaka ukibonyeza, hiki zinacheza zenyewe, hiki kina midundo mia na mlio wa mbwa. Nilimwambia mbwa ninaye nyumbani. Nilitaka vitu viwili tu: vibao vinavyotosha vidole vya mtu mzima, na kitufe cha kuhamisha noti zote juu au chini, siyo kile cha kuongeza sauti.

"Kumbe dada mtaalamu!"

Mtaalamu wapi. Nilikuwa nimekaririshwa na mhasibu wa ofisini kwetu, anayepiga kinanda kanisani kwao Mbwawa. Ukiwa na kitufe hicho, alisema, unajifunza kwa vibao vyeupe tu, halafu chenyewe kinakupeleka kwaya iliko. Nikachagua cha mtumba, kizito, kilichopauka, kisicho na taa hata moja. Nilikibeba hadi Tumbi nikiwa na hofu, maana nyumbani alikuwepo baba.

Baba ni mwalimu wa kwaya Maneromango tangu sijazaliwa, na hajawahi kutumia kinanda. Do, noti ya msingi ya wimbo, anaitoa kwa kinywa chake, watu wanaifuata. Koo lilipomharibikia alikuja kukaa kwangu ili awe karibu na hospitali. Daktari alimwambia mbele yangu: asiimbe, asiongee, hata kunong'ona asinong'one, mpaka atakapomruhusu. Akikaidi, sauti inaweza isirudi kabisa. Na sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia.

Baba alitikisa kichwa kukubali, akakataa jambo moja tu, kuikosa sikukuu. Ninamfahamu. Kwaya ikiyumba mbele ya watu ataimba, daktari apende asipende. Ndiyo sababu nilinunua kinanda: niishike kwaya mimi, yeye aongoze kwa mikono.

Alipokiona mezani alikunja uso kama aliyepakuliwa ugali mbichi. Zamani alizoea kusema, "Kinanda kinaimba badala ya watu. Siku kikizimika mtaimba na nini?" Sasa hakuweza kusema, akawa anagonga. Nilibandika vipande vya plasta kwenye vibao vyeupe, nikaandika d, r, m na kuendelea, nikaanza kujifunza wimbo mmoja wa mavuno. Nikikosea, ko! kwenye mkono wa kochi. Nikirudia kosa, ko, ko. Jioni moja nilishindwa kuvumilia.

"Baba, naomba uache kugonga! Mimi siyo mlango!"

Alinitazama mpaka nikaona aibu. Kisha akagonga tena, polepole, kwa mwendo mmoja, na nikaelewa kwamba alikuwa ananipigia mapigo. Nilimchukia kidogo, nikampenda sana, nikaendelea kupiga.

Tulikwenda Maneromango siku moja kabla, kwa sababu barabara ile haimtaki mwenye haraka. Kwenye mazoezi baba alisikiliza kwaya, akaninyooshea kidole gumba juu, juu, juu tena, na kila mara nikapandisha kwa kitufe. Wimbo ukakaa mahali pake. Usiku nililala kama mtu mwenye akili.

Asubuhi, katikati ya ibada, umeme ukakatika. Jenereta likawashwa, nami nikakiwasha kinanda upya bila kufikiri. Kwaya ikasimama. Baba akainua mikono. Nikabonyeza do.

Walianza chini mno. Besi walikuwa wananguruma tumboni, na akina mama wa sauti ya kwanza wakaanza kujitafutia pao, kila mmoja na njia yake. Nilitazama vidole vyangu: vilikuwa pale pale, juu ya plasta yenye d. Sikujua nimekosea wapi. Nikainua macho nikaona kifua cha baba kinapanda na mdomo unafunguka. Pumzi ile naijua tangu utotoni. Ndiyo inayotangulia sauti yake.

Nilimtikisia kichwa mbele ya kanisa zima, kama mama anayemkataza mtoto: usithubutu.

Baba alifunga mdomo. Akashusha mikono, na kwaya ikanyamaza. Mzee mmoja wa kanisa alikohoa. Baba akaja mpaka nilipo, akainama juu ya kinanda ambacho hakuwahi kukigusa, akabonyeza do yangu kwa kidole kimoja. Akakataa kwa kichwa. Akapanda kibao kinachofuata, akakataa. Akapanda tena. Akafika kwenye kibao cheusi kisicho na plasta, akakishikilia, akanitazama.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kinanda kilipozimika kilisahau hatua zote nilizokipandisha jana, kikarudi chini kilipoanzia. Nikabonyeza kitufe mara tatu, nikapiga do yangu nyeupe, ikawa ile ile ya kidole chake. Angeweza kuitoa kwa kinywa, kwa pumzi moja, na kuniokoa bila kunyanyua mguu.

Tukaanza upya, na safari hii kwaya ikashika. Ubeti wa tatu besi hubaki peke yao, na tangu nizaliwe aliyewatangulia hapo ni baba. Nilimtazama, ingawa nilijua naweza kupotea. Midomo yake ilikuwa inakwenda, neno kwa neno, mpaka mwisho wa ubeti. Mishipa ya shingo ilimtoka. Na sauti haikutoka hata kidogo.