Dau la Jumapili la Glenys

Duka la santuri la Glenys Thackray na saluni yangu ya kunyolea vilitenganishwa na ukuta mmoja tu hapa Grimsby, kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo mambo yake mengi niliyajua bila kuuliza.

Mumewe alipofariki, Glenys alibaki na ndugu mmoja, mdogo wake Clifford, anayekaa Hull, ng'ambo ya daraja. Sisi watu wa huku hatuambiani "nimekukumbuka". Kwa hiyo wale wawili wakatunga dau. Kila Jumamosi Glenys anataja wimbo utakaokuwa namba moja nchini, na Jumapili jioni redio inatangaza. Akipatia, Jumapili inayofuata Clifford anakuja kwake kula nyama ya kuoka, kisha anaosha vyombo vyote. Akikosea, kila mtu atakula kwake.

Clifford aliosha vyombo karibu kila wiki. Angeshindaje? Duka la Glenys lilikuwa mojawapo ya yale yanayopeleka hesabu ya mauzo kwa watu wa chati, wale wanaopanga nyimbo kwa mauzo, na yeye ndiye aliyekuwa akiwauzia wanunuzi.

"Umeliwa tena!" alikuwa akimpigia kelele kwenye simu. "Njoo na aproni yako."

"Dada, wewe mwizi. Unachungulia."

"Sichungulii, nauza!"

Miaka kumi na moja walikwenda hivyo. Nilizoea kumwona Clifford akishuka garini amenuna kama mtu aliyeonewa, na ilikuwa uongo mtupu, bwana yule alikuwa na raha zake.

Kisha watu wa chati wakaanza kuhesabu na nyimbo zinazopakuliwa kwenye mtandao. Mwanzoni wimbo ulilazimika kuwa na diski madukani, kwa hiyo Glenys alikosea mara mojamoja tu. Mwezi wa kwanza mwaka 2007 sharti hilo nalo likaondolewa. Wimbo uliweza sasa kufika juu kabisa bila diski yake hata moja kugusa rafu ya Glenys. Yeye, kwa ubishi wake, akaendelea kuitazama rafu ileile.

"Mtu ananunua kitu anachoweza kukishika," aliniambia.

Akakosea Jumapili nne mfululizo. Alikuwa akipika kipande kidogo cha nyama, cha mtu mmoja, na hata hicho hakukimaliza. Nikamwambia awaulize wanafunzi wanaongoja basi mbele ya duka wanapakua wimbo gani. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Wiki ya tano akatoka, akawauliza.

Jumapili hiyo nilikuwa jikoni kwake, nimelala chini ya sinki nikitengeneza bomba. Redio ikataja wimbo wa namba moja, na ulikuwa uleule aliousema. Glenys akarukia simu.

"Umeliwa! Jumapili ijayo, saa saba mchana, usichelewe!"

"Hongera, dada. Ila hata mimi niliujua tangu Jumatano." Clifford ana sauti kubwa, nilimsikia vizuri hata chini ya sinki. "Binti yangu kanionyesha kwenye kompyuta. Nyimbo zimepangwa pale, kila siku unaona upi unaongoza. Sasa hapo dau gani tena? Tuache tu."

Nikaacha kukaza bomba.

"Haya, tuache," Glenys akasema. "Lakini njoo."

"Nije kufanya nini?"

Nilitamani kumpokonya simu nimtukane yule bwege. Glenys alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma, na niliona aibu kuwa pale.

"Kuniona," akasema. "Uje kuniona mimi, Clifford. Niko peke yangu huku."



"Dada, unaumwa?"

"Siumwi."

"Ah! Afadhali, ulinishtua." Alishusha pumzi kabisa, na akacheka kidogo. "Basi tutaonana Pasaka."