Plagi ya Miguu Bapa

Kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Mpanda, mama mmoja kutoka Sibwesa alisimamisha vidole viwili mbele ya muuzaji.

"Nataka adapta ya plagi ya miguu miwili, bapa hivi. Ya Marekani."

"Ya mashine gani, mama?"

"Ya simu ya binti yangu. Alipokuja kutoka huko, chaja yake ilikataa soketi yetu ya matundu matatu. Akahamia gesti hapa mjini."

Mteja mwingine akacheka. "Si mngechomeka kalamu tundu la juu? Sisi wote ndivyo tunavyofanya."

"Nilimwonyesha. Akasema mwanawe ataiga."

Muuzaji akaleta adapta. Mama akapitisha ukucha kwenye matundu mawili bapa, kisha akaifunga kwenye ncha ya kanga.

Nimesikia visingizio vingi vya watoto wakubwa wasiotaka kulala kwa wazazi wao. Hiki ndicho cha kwanza nilichoona dawa yake ikiuzwa dukani.

"Anakuja lini tena?" muuzaji akauliza.

"Hajasema. Jioni nitampigia, nimwambie nyumbani sasa simu yake itapata chaji."