Mrija wa Ukweni

Nianze na mrija, maana unanichefua mpaka leo. Ukweni kwangu, Mabawe, pombe ya ndizi hunywewa kwenye chungu kimoja, na mrija mmoja, ambao wao huuita umuheha, hupita mdomo hadi mdomo. Baba mkwe anavuta kwa meno yake yaliyooza, anampa jirani mwenye kikohozi kisichoisha, jirani anautoa unang'aa mate na kumpa mwingine. Kuukataa ni kuwaambia watu unawadharau. Hata mjukuu, akishajua kukaa, huvutishwa kidogo ili ahesabike kuwa wa nyumbani.

Mwanangu naye alivutishwa. Masikio yake yalikuwa yanatoka usaha unaonuka, na nimonia haikumwacha. Tulikuwa tunaruhusiwa kutoka wodini, na kabla sijamaliza kufua nguo tunalazwa tena.

Kwetu Nyamahanga, huko Biharamulo, mama yangu alizika watoto wake wote wa kiume wakiwa wadogo. Sisi wasichana tulibaki wazima. Watu walisema amerogwa, na mimi nilikua nikiamini hivyo.

Tulipopewa rufaa kwenda Mwanza, daktari mmoja mwanamke alitupima sote virusi vya UKIMWI, hatukuwa navyo. Akampima mtoto vipimo vingine, halafu akatukalisha chini. "Mwili wa huyu hautengenezi askari wa kupigana na vijidudu," alisema. "Ni upungufu wa kinga mwilini, lakini wa kurithi. Mama anaubeba bila kuumwa, mtoto wa kiume ndiye anayeugua." Nikawafikiria kaka zangu, nikalia. Akatuandikia dawa ya kila siku, na dripu ya kinga inayotokana na damu za watu wengine, siku ikipatikana. Mwisho akasema mate ya watu yasimfikie. Niliukumbuka ule mrija.

Niliporudi nilimwomba mama mkwe, kwa heshima zote, mtoto asipewe mrija tena. Akacheka. "Wewe mama unajidai sana. Sisi tumeunyonya na tumekua." Nilipokwenda shambani wakampa kwa siri, na kabla ya wiki kuisha tulikuwa wodini, mtoto kawekewa oksijeni. Nilimtazama mbavu zikiingia na kutoka nikajua kwamba safari nyingine kama hii tutarudi na maiti.

Mume wangu akaamua kuwaeleza mwenyewe. Jumapili baada ya misa, wote wakiwa wamezunguka chungu, alisimama akasema kama daktari alivyosema: "Mtoto ana upungufu wa kinga mwilini."

Kabla hajafika kwenye kurithi, wao walishasikia UKIMWI. Maneno hayo, upungufu wa kinga mwilini, ndiyo jina lake, yamebandikwa kwenye kuta za kila zahanati, na hatuna mengine. Aliendelea kueleza, masikini, lakini hakuna aliyesikia. Baba mkwe aliuchomoa mrija, akauvunja, akautupa motoni. Kesho yake mama mkwe akatutengea mimi na mtoto sahani yetu na kikombe chetu, na kigoda alichokalia mjukuu wake akakisugua kwa majivu. Watu waliomtemea mtoto mate mdomoni sasa wanamwona yeye ndiye uchafu! Kisimani nikasikia kwamba nimeuleta kutoka Biharamulo.

Mume wangu alikasirika. "Nitamleta mganga wa zahanati awaambie wote kwamba wewe ni mzima."

Nikamwambia aache.

"Watakuita malaya."

"Waniite."

Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Lakini nilikuwa nimeona jambo ambalo kuomba kwangu na kulia kwangu hakukuweza kulifanya: hakuna mdomo uliomkaribia mwanangu tena.

Masikio yamekauka. Amenenepa kidogo, anakimbiza kuku. Mimi, mama mkwe akinishika mkono anaufuta wa kwake kwenye kitenge mbele ya macho yangu. Kinyaa hicho nakihisi kila siku, na wao siwapendi, sidanganyi.

Majuzi nilimsalimia baba mkwe shikamoo, akaitikia akiwa mbali, karibu na migomba. Akauliza kama mtoto bado anakohoa.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Anakohoa sana."

Hajakohoa tangu mvua zianze.