Watoto Juu ya Ngamia

Mtu asiyewahi kufungwa juu ya ngamia wa mizigo akiwa mtoto hajui kuogopa, wala hajui kufurahi. Kwetu, magharibi ya Wajir, siku ya kuhama wakubwa walitembea na wadogo walipanda. Ngamia alipigishwa magoti, akapakiwa mikeka na miti iliyopinda ya nyumba yetu, mpaka mgongo wake ukawa kiota, na katikati ya kiota hicho akafungwa mtoto. Kisha ngamia akainuka. Huanza na miguu ya nyuma, kwa hiyo kwanza unatupwa mbele, uso ukitazama ardhi, halafu unarudishwa nyuma, na mara dunia nzima iko chini yako: mbuzi, mama yako, njia yote mnayoiendea. Mpaka leo sijawahi kuwa mrefu kama siku hizo.

Kufunga ni kazi ya wanawake. Mwanamume akijaribu huchekwa. Na kati ya wanawake wote tuliochota nao kisima kimoja, mama yangu ndiye aliyesifiwa kwa mafundo. Sifa nyingine hakuwa nazo nyingi. Alikuwa mkali, na chai yake ilikuwa nyepesi mno. Lakini mzigo alioufunga yeye ulifika.

Katikati ya miaka ya tisini kamba ya nailoni iliingia Griftu, mji wetu wa soko, ya buluu, nyepesi, isiyooza kwa mvua. Kamba zetu za magome ya mgunga zilichosha kusokota na zilikula vidole. Baba akanunua ile mpya siku ya soko, na haukupita muda karibu kila familia ilikuwa nayo. Tuliizunguka tukiitazama kama bibi harusi mgeni. Mama akaifunga kwa fundo lilelile alilofundishwa na mama yake.

Siku tuliyohama, mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema, ndiye aliyekuwa juu. Mimi nilitembea ubavuni mwa ngamia. Jua lilikuwa limeshapanda nilipoona mikeka ikilalia upande mmoja, na mtoto akaja chini bila hata kulia. Ngamia hakusimama. Mama alipofika alimkumbatia mtoto kwanza, kisha akaokota ncha ya kamba akaitazama. Haikuwa imekatika. Fundo lilikuwa limejifungua lenyewe.

Paja lilikuwa limevunjika, na fahamu zilikuwa zimempotea. Mifugo tukawaachia wajomba, baba akambeba mtoto mpaka zahanati ya Griftu, nasi nyuma yake: mama, nyanya mzaa baba, na mimi. Mhudumu alikuwa mgeni kutoka bara, akauliza kwa Kiswahili imekuwaje. Nyanya akawahi kujibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Ngamia naogoba," akasema. "Naona nyoka, naruka." Hakukuwa na nyoka. Mhudumu akaitikia kwa kichwa na kuendelea kuufunga mguu. Mama alikuwa ameshika mkono wa mtoto, hakuuachia. Jioni mtoto alifumbua macho akaomba maziwa, nami nililia kwa furaha hadi nikafukuzwa chumbani.

Lakini kwetu habari ina mwenyewe, naye ni kila utakayekutana naye. Ukifika kisimani, hata uwe unakufa kwa kiu, unatoa habari kwanza: mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, nani ameanguka na kwa nini. Watu huhamisha mifugo na watoto kwa maneno hayo. Na asubuhi iliyofuata, baba akiwa amebaki zahanati na mtoto, sisi tulipokuwa tunarudi kwa mifugo yetu, tulijua kwamba majirani walikuwa kisimani wananywesha ili wahame, watoto wao juu, wamefungwa kwa kamba ileile ya buluu.

Nyanya alimwambia mama njiani, tena kwa huruma: "Sema nyoka. Ukisema jingine, hakuna atakayekuamini tena hata kumfunga mbuzi. Na hata hivyo ni kadari ya Mungu."

"Kadari ni ya Mungu, mama," akamjibu mkwewe. "Fundo ni langu."

Mama alisimama penye ukingo wa kisima, mbele ya wanaume na wanawake, akaitikia salamu zote hadi mwisho. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kueleza mvua: "Mwanangu ameanguka. Paja limevunjika, yu hai, alhamdulillahi. Ngamia hakushtuka. Fundo letu halishiki kamba hii mpya. Asubuhi linashika, mwendo ukizidi linateleza. Mimi ndiye niliyefunga."

Nilimtazama mama yangu nikaona simjui, nikaogopa, kama unavyoogopa mbele ya kitu kikubwa kuliko wewe. Tangu hapo nimeishi miaka mingi Garissa mjini. Nimesikia wakubwa wakieleza ajali za malori na mabasi, na siku zote barabara ni mbaya, au dereva ni marehemu na hawezi kujibu, au ajali haina kinga. Sijamsikia mwingine akisema kwa kinywa chake: ni mimi.

Wanaume walitazama chini. Mzee mmoja alivuta kamba ya mzigo wake kwa kidole, akaivuta tena, akamwita mkewe. Ndipo akaja mwanamke ambaye yeye na mama walikuwa hawasemezani kwa ugomvi wa zamu ya maji. Alikuwa amempigisha ngamia wake magoti na kumfungua mtoto wake. Mtoto alikuwa kiunoni, na mkono mwingine umeshika kamba kuukuu ya magome. Nilidhani amekuja kumcheka mama.

Akampakatisha mama yule mtoto. "Basi huyu nifungie wewe," akasema.

Mama akaipokea ile kamba ya magome, akafunga.