Pengo la Plagi

Pikipiki ya baba imenizidi umri, na pale nyumbani imenizidi heshima pia. Kazi ya baba ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, kutoka Voi hadi huko vilimani, na mbegu za fahali hubebwa kwenye mtungi wa barafu. Shuleni wananiita mtoto wa fahali. Jina hilo nililianzisha mwenyewe, kabla hawajafikiria baya zaidi.

Likizo iliyopita pikipiki ilianza kuwaka kwa shida. Baba hupima pengo la plagi, pale cheche inaporuka, kwa kipande cha msumeno wa kukatia chuma: kikipita kwa kubana kidogo, basi, iko sawa. Nilimwambia hiyo ni teknolojia ya safina ya Nuhu. Alipoingia kuoga, nikaitoa plagi na kulipanua pengo kwa bisibisi. Nikaiegemeza kwenye injini, nikapiga kiki. Cheche ikaruka ndefu, ya buluu, ikilia ta-ta-ta. Dada yangu mdogo alipiga makofi na mimi nikainama kama mheshimiwa. Baba sikumwambia. Nilitaka ashangae tu ikivuta.

Jioni hiyo nyanya mmoja wa Wundanyi akapiga simu kwamba ng'ombe wake amepata joto. Ana mmoja tu, na alikuwa ameshapandishwa mara mbili bila kushika. Asipofikiwa kabla ya adhuhuri kesho yake, ni kungoja wiki tatu nyingine, na maziwa yalikuwa yanakaribia kukauka.

Asubuhi tuliondoka, mimi nyuma nimekumbatia mtungi. Hadi Mwatate, barabara tambarare, pikipiki iliimba. Nilikuwa nishaanza kutunga hotuba ya kupokea shukrani. Mlima ulipoanza tu, ikakohoa, ikapiga risasi mbili, ikazima kwenye kona.

Baba akaitoa plagi, akaijaribu nje. Cheche nzuri, ya buluu. "Moto upo," akasema, kama mtu anayedanganywa na rafiki. Kisha akanipa plagi na kile kipande cha msumeno. Miwani yake ilikuwa imebaki nyumbani. "Hebu niangalizie pengo. Macho yangu siku hizi yananisaliti."

Kipande kilipita bila kugusa popote. Kingepita na ndugu zake wawili. Hewani cheche iliweza kuruka pengo hilo, ila ndani ya injini inayokazana na mlima lilikuwa pana mno.

"Iko sawa, baba."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Ningesema limepanuka, angeuliza limepanuliwa na nani.

Kwa kuwa plagi ilikuwa sawa, akaifungua kabureta. Akaipuliza kwa mdomo, akatema petroli, akaifunga, tukasukuma. Ikawaka, ikazima. Akaifungua tena. Jasho lilimtiririka hadi kwenye shati alilopigiwa pasi na mama. Saa sita ikapita. Hapo ndipo nikamwomba plagi niisafishe, nikampa mgongo, nikaigonga kwenye jiwe mpaka pengo likarudi kubana msumeno. Kiki moja, tukapanda mlima wote bila kukohoa.

"Mkono wako una baraka," baba akasema. Nilishukuru kwamba nilikuwa nyuma yake, hakuniona uso.

Tulifika saa nane na nusu. Baba akamkagua ng'ombe, akavua glavu pole pole. Joto lilikuwa limeisha.

"Nisamehe, mama. Kosa ni langu, pikipiki sikuitunza vizuri."

Nyanya alisema hakuna neno, Mungu yupo. Baba alipomweleza nani aliyeitengeneza pikipiki njiani, nyanya akaniletea ndizi, akanishika kichwa na kunibariki. Mimi huwa nina mzaha hata msibani. Siku hiyo nilijijaza ndizi mdomoni nisije nikalazimika kujibu.

Wiki tatu zilipotimia tulirudi, na ng'ombe akashika. Lakini bado sijamwambia baba. Na sasa kila Jumamosi ananiita uani, miwani ikiwa usoni, ananipa plagi na kipande cha msumeno. Anasema jicho langu ndilo analoliamini.